Mtoto wa kubambikiwa juu ya mwarobaini wa Chanika

Najua umezoea tukutane hapa tukiongelea viwanja, mitindo na nani kammwaga nani. Wiki hii nimekula kona. Nilifunga begi langu dogo nikaenda Chanika kumsalimia bibi, na huko nimekutana na kisa ambacho kingetokea Sinza au Kinondoni kingeuza magazeti wiki nzima.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mama mmoja, mavazi yake yanang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Hana nyumba, hana jiko, hana hata kitambaa cha kumfunikia mtoto. Siku zake zikifika anachungulia kwa jirani, anasubiri mwenye nyumba atoke, anaingia fasta, anaacha mzigo wake, anakula kitu kimoja cha mle ndani, anatoka nduki. Siku nyingine anarudia mchezo ule ule kwenye nyumba nyingine. Mwenye nyumba akirudi, anaona mambo yako shwari, analea. Sisi wa mjini tunaita kubambikiwa mtoto.

Kabla hujaanza kumtafuta mhusika mtaani kwako, nikutoe wasiwasi. Huyu mama ana mabawa. Ni ndege, na jina lake ni kekeo.

SIYO CHANIKA ILE

Kwanza tuwekane sawa. Nikisema Chanika usikimbilie Gongo la Mboto kupanda daladala. Hiyo ni Chanika ya Dar. Mimi naongelea Chanika ya Handeni, mkoa wa Tanga, ambayo ndiyo mjini kwenyewe. Mtu wa vijijini akikwambia anakwenda Handeni mjini, ujue anakuja Chanika.

Nilipanda basi stendi ya Magufuli, pale Mbezi, alfajiri hata kuku hawajaamka. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, halafu mnakata kulia kuelekea Msata. Mkishavuka daraja la Wami, lile jipya lililoanza kutumika mwaka 2022, unaanza kuona nchi inafunguka. Mbwewe mnapita, Mkata mnafika. Hapo Mkata ndipo wenye safari zao za Tanga, Moshi na Arusha wanaendelea mbele, na sisi wa Handeni tunakata kushoto. Kutoka hapo ni kilomita 54. Zamani kipande hicho kilikuwa vumbi tupu, unashuka nywele nyekundu kama umepaka hina. Leo ni lami mpaka Handeni, na lami hiyo inaendelea hadi Korogwe. Dereva wetu alikuwa anakanyaga mafuta huku kaweka mkono mmoja dirishani, mimi moyoni nasoma dua zote ninazozijua.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Handeni wakati wa kiangazi na Handeni wakati wa masika ni kama watu wawili tofauti. Kiangazi nchi inakauka, maji yanakuwa habari ya kila nyumba, na ndoo inapewa heshima kuliko kochi. Masika ikiingia, udongo mwekundu unalowa, vichaka vinavaa kijani, na mahindi yanapanda juu hadi uani kwa watu. Nilipofika kwa bibi nilikuta ndoo, sufuria na madumu yaliyokatwa yamepangwa chini ya bati yanakinga maji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umekonda. Huko Dar mnakula nini, picha?"

Huyo ndiye bibi yangu. Ukienda kwake na maringo yako ya mjini, unayaacha mlangoni pamoja na viatu.

MWONGOZAJI WANGU

Nyumba ile wanaishi watu watatu: bibi, mjomba wangu ambaye ana biashara ya mahindi, na mtoto wa mjomba mwenye miaka tisa. Sitamtaja jina, na mwisho wa makala hii utaelewa kwa nini. Tumwite binamu, kwa sababu ndivyo alivyo.

Binamu ana manati shingoni kama mwingine anavyovaa cheni. Anajua kila kiota cha mtaa ule. Mbele ya nyumba ya bibi kuna mwarobaini mkubwa, na juu yake wamejazana minana, wale ndege wa manjano wenye kichwa cheusi wanaosuka viota vinavyoning'inia kama vikapu. Kelele zao ni kama za stendi. Wanachana majani ya mgomba wa bibi na majani ya mahindi yake kupata nyuzi za kusukia, na bibi anawatukana kila asubuhi kwa matusi ambayo mhariri wangu hatayapitisha.

Kwa taarifa yako, anayesuka ni dume. Akimaliza anajining'iniza chini ya kiota huku anapigapiga mabawa, anamwita jike aje akague nyumba. Jike anaingia, anavutavuta majani kuona kama yamekaza. Asiporidhika anaondoka zake, na nyumba isipopata mwenyewe mpaka ikakauka, dume anaibomoa mwenyewe anaanza upya. Akina kaka mnaolia kwamba wadada wa mjini wanachagua sana, nendeni Chanika mkaone.

Basi nikiwa nimekaa kwenye mkeka nakunywa chai ya rangi, nikasikia sauti nyingine juu kabisa ya ule mti. Siyo zile kelele za minana. Ni mluzi mkali wa kulalamika: dii, dii, dii, dii-di-rik! Unapanda halafu unamalizikia kwa kujikwaa. Ukakatika, ukaanza tena.

"Binamu, huyo ni nani?"

"Huyo? Mpiga kelele. Masika ikija na yeye anakuja. Twende nikuoneshe."

AMEVAA KAMA ANAKWENDA MNUSO

Tukazunguka nyuma ya choo, tukanyata. Juu ya tawi kavu alikaa ndege mdogo, urefu wake tangu mdomo hadi mkia hauzidi sentimita 20, karibu sawa na mnana mwenyewe. Lakini pamba alizovaa! Mgongo kijani cha kung'aa, na akigeuka jua linampiga unaona rangi ya shaba inapita kama kwenye kitambaa cha satini. Chini mweupe, ubavuni ana michirizi ya kijani. Juu ya jicho ana mstari mweupe kama kachorwa nyusi saluni, mabawani ana madoa meupe, na jicho lenyewe jekundu limezungushiwa duara jekundu. Kama ametoka kulia, au ametoka kunywa.

Huyo ni dume. Jike wake anafanana naye ila rangi ya shaba imemzidi ule ukijani, na shingoni na kifuani ana rangi ya chai ya maziwa. Hajipambi sana, na ana sababu zake: kazi yake inataka mtu asiyevutia macho ya watu.

Kekeo wako wengi. Yupo mwenye kidari chekundu, ambaye mluzi wake wa noti tatu unasikika mvua ikikaribia. Yupo wa kijani kibichi kama zumaridi na tumbo la njano, ambaye anapenda misitu mikubwa kama ile ya Amani, huko Usambara. Huyu wetu wa Chanika wataalamu wanamwita Chrysococcyx caprius. Mfaransa mmoja, François Levaillant, aliyezunguka Afrika Kusini miaka ya 1780, alimpa jina Didric kutokana na huo mluzi wake. Wenye asili ya Kiholanzi wakaliandika Diederik, ambalo kwao ni jina la mtu. Mwenzake wa kijani anayefanana naye, Levaillant alimpa jina la Klaas, kijana wa Kikhoikhoi aliyekuwa anamsaidia safarini. Wazungu wa zama zile walikuwa wanawapa ndege majina ya wakubwa wao, huyu akampa la mtu aliyembebea mizigo. Hapo nampa tano.

Mwarobaini wa bibi ni mahali pake hasa. Huyu hapendi msitu mzito. Anapenda nchi iliyo wazi yenye miti miti, mashamba, vichaka, kingo za mito yenye matete, hata bustani za mjini. Kwa kifupi, popote minana na ndugu zao walipo, na yeye yupo. Utamkuta karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara, na wengine wanavuka bahari hadi Yemen na Dhofar, kule Oman kusini, mvua za huko zikianza. Anafuata mvua kama machinga anavyofuata gulio. Mvua ikinyesha wadudu wanazaliwa, minana wanajenga, na biashara yake inafunguliwa.

MLO WAKE

Usifikiri anakula nafaka za bibi. Chakula chake kikubwa ni wadudu: viwavi, panzi, mende wadogo wa porini, kumbikumbi wakitoka baada ya mvua. Anapenda viwavi kuliko vyote, na hata wale wenye manyoya ya kuwasha, ambao wewe mmoja akikupitia shingoni unajikuna mpaka kesho. Ndege wengi wanawakwepa hao. Kekeo anamshika kiwavi, anamkung'uta na kumpigapiga kwenye tawi, anammeza. Manyoya yanamganda kwenye ngozi ya ndani ya firigisi, na jamii hii ya ndege ina ujanja wa kuibandua ngozi hiyo na kuitapika pamoja na manyoya yake, nyingine inaota. Mkulima wa mahindi akijua hilo hatakuwa na haraka ya kumrushia jiwe.

Na mapenzi yao yanaanzia hapo hapo kwenye mlo. Dume akimtaka jike anatafuta kiwavi kilichonona, anakuja nacho mdomoni, anacheza cheza mbele ya jike halafu anamlisha. Hakuna ndege anayekwenda mikono mitupu. Nyie mnaotuma meseji ya "umekula?" bila kutuma cha kula, mpo?

SASA KWENYE UMBEYA WENYEWE

Wakishapatana, hawajengi. Jike anakaa mahali pa kificho anapeleleza nani anajenga, nani ameanza kutaga. Minana wakimwona wanamfukuza kundi zima, maana wanamjua. Lakini lazima itokee nafasi. Anaingia kwenye kile kikapu, anachukua yai moja la mwenye nyumba analila, anataga lake moja, anaondoka. Kila kiota yai moja tu. Kwa msimu mmoja jike anaweza kutaga mayai yapatayo 20, yote kwa watu.

Yai lake linawahi kuanguliwa, kama siku 10 hadi 12 hivi, kabla ya yale ya mnana. Kifaranga kinatoka uchi, hakioni, na ndani ya siku chache za mwanzo kinafanya jambo ambalo hakuna aliyekifundisha. Kinajipenyeza chini ya mayai au vifaranga vingine, kinavibeba mgongoni, kinavisukuma mpaka mlangoni, vinaanguka. Kinabaki peke yake. Minana inalea huyo mmoja kwa zaidi ya wiki mbili ndani ya kiota, na akitoka nje bado wanamlisha wiki kadhaa.

Lakini usifikiri minana ni mabuzi ya kuchunwa tu. Wana akili. Kila mnana jike ana mayai ya rangi yake: mmoja anataga meupe, mwingine ya buluu, mwingine ya kijani yenye madoadoa, na rangi hiyo haibadiliki maisha yake yote. Ni kama saini ya benki. Akirudi akikuta yai lisilo na saini yake, analitoa kwa mdomo analitupa chini. Kekeo naye kila jike ana rangi yake moja ya yai, kwa hiyo anacheza bahati nasibu. Likifanana, amekula. Lisipofanana, limekwenda na maji.

Na kuna ushahidi mtamu wa jambo hilo. Minana wa aina hii walipelekwa Mauritius mwaka 1886, na wengine walifika kisiwa cha Hispaniola, chenye nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Huko hakuna kekeo wetu. Mtafiti mmoja Mmarekani, David Lahti, alipima mayai yao akatoa majibu mwaka 2005: kule ambako hakuna wa kuwabambikia, mayai ya majirani yamepunguza tofauti, yameanza kufanana. Nyumba isiyo na mwizi inasahau kufunga mlango.

MDOMO WANGU ULIPONIPONZA

Haya yote sikuyajua pale nyuma ya choo. Jioni mvua ilinyesha, umeme ukakatika, nikawasha simu nikamaliza bando langu lote kumsoma huyo ndege. Tulikuwa jikoni, bibi anageuza ugali, mjomba kakaa kwenye kigoda, majirani wawili waliokimbilia mvua wapo, na binamu kakaa mlangoni anachonga panda ya manati.

Mimi si unanijua. Nikipata hadhira napanda jukwaani. Nikawasimulia kisa cha kekeo kama ninavyokusimulia wewe, tena kwa mbwembwe zaidi. Mama anayebambikia, baba bwege anayelea, mtoto anayewasukuma wenye nyumba. Nikamaliza kwa kusema, "Yaani mnana masikini analea mtoto wa mwanaume mwenzie, hajui hili wala lile!"

Jirani mmoja akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akamtazama mjomba, akatazama chini. Bibi akaacha mwiko ndani ya sufuria.

Hapo ndipo nikakumbuka, na nikatamani ardhi ipasuke. Mke wa mjomba aliondoka Chanika mtoto akiwa na miaka miwili, hakurudi. Na tangu mtoto alipozaliwa, mtaa haujaacha kusema. Mweupe, wakati mjomba ni mweusi ti. Pua siyo ya kwetu. Miezi haikuhesabika vizuri. Hakuna aliyewahi kulisema mbele ya mjomba, lakini kwenye foleni ya maji limesemwa, na watoto wana masikio.

Binamu hakuinua kichwa. Aliendelea kuchonga. Akauliza polepole:

"Dada, kwa hiyo mimi ni kekeo?"

Msomaji wangu, mimi naandika safu, maneno ndiyo kazi yangu, na sikupata hata moja.

Mjomba ndiye aliyejibu, na wala hakupandisha sauti. Kwanza alimwambia mtoto asogee, mvua inamrushia. Halafu akanigeukia mimi.

"Mpwa wangu, huyo ndege wako, baba yake yuko wapi?"

"Juu ya mti, mjomba. Anaimba."

"Anamletea mtoto chakula?"

"Hapana. Hamjui kabisa."

"Na huyo wa manjano?"

"Ndiye anayemlisha."

"Basi," akasema, "mimi ni huyo wa manjano. Na huyu ni mwanangu. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Bibi, pakua ugali."

Mambo yakaishia hapo. Majirani waliona ghafla kwamba mvua imepungua, wakaaga. Haikuwa imepungua hata kidogo.

Najua mjini kuna watu wangemshauri apande basi akapime vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kila mtu ana haki yake, sitakupangia. Mjomba nilimuuliza baadaye, tukiwa wawili, kama amewahi kulifikiria hilo. Akaniambia amelifikiria sana. Usiku mmoja alitoa nauli kabisa akaiweka mezani. Asubuhi mtoto akaamka na homa, ile nauli ikanunua dawa, na tangu siku hiyo hakuiweka tena. "Karatasi ingesema ndiyo, ningemlea," aliniambia. "Ingesema hapana, ningemlea. Sasa naipeleka wapi?"

ASUBUHI

Sikulala vizuri. Alfajiri nikaamka kuchota maji, nikamkuta binamu kasimama chini ya mwarobaini. Nikajua hapa napigwa jiwe. Badala yake akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze, akanionesha fensi ya miti ya jirani.

Pale alikaa kifaranga kikubwa kilichokwisha toka kiotani. Kina madoa madoa, mgongo umeanza kijani, na mdomo wake mwekundu kama kapaka rangi. Mdomo umeachama, mabawa yanatetemeka, analia njaa bila kupumzika. Mnana jike akatua pembeni yake, kiwavi mdomoni, akamtumbukizia. Akaondoka. Dakika mbili akarudi na kingine. Alikuwa amechakaa yule mama, manyoya ya shingoni yamesimama, lakini alirudi tena. Na tena.

"Nilimwona tangu juzi," binamu akaninong'oneza. "Nilitaka kumpiga na manati. Nikajua ni mnana mgonjwa."

"Na sasa?"

Akafikiri. "Akikua atarudi kwa huyu mama?"

Nikamwambia ukweli, maana uongo niliuogopa kuliko usiku. Hapana, hatarudi. Atajilisha mwenyewe, mvua zikiisha ataondoka na safari, peke yake, bila wa kumwonesha njia. Mwakani atajua mluzi wa kwao bila kufundishwa, na akiwa jike atatafuta kikapu cha mtu. Hana kosa. Hakuna aliyemuuliza kabla hajawekwa mle ndani. Ila ndivyo alivyoumbwa, haendi kumsalimia aliyemlea.

Binamu akamtazama tena yule mama akija na kiwavi cha nne.

"Basi mimi siyo kekeo," akasema. "Mimi leo zamu yangu ya kuchota maji." Akaninyang'anya ndoo akaondoka nayo, manati inaning'inia shingoni.

Nilimwomba radhi, tena mbele ya mjomba na bibi, siyo pembeni. Bibi akasema mtoto amesamehe tangu jana, ambaye bado ni yeye, na faini yangu ni kilo mbili za sukari. Nikalipa. Nikawauliza pia kama naweza kuandika haya. Mjomba akasema andika, ila jina la mtoto libaki nyumbani.

NIMALIZIE

Usije ukaondoka hapa na chuki na jamaa hii yote. Kekeo ana ndugu zake wanaolea wenyewe. Dudumizi, yule ndege mkubwa wa kahawia anayetoa sauti kama maji yanayomiminwa kwenye chupa, ni ukoo mmoja naye, na anajenga kiota chake. Tena kuna dudumizi mweusi, ambaye watafiti wamemfuatilia kwa miaka kwenye ardhi oevu ya Usangu, huko Mbeya: jike mmoja ana waume kadhaa, kila mume ana kiota chake, na kulalia mayai na kulisha watoto ni kazi ya mume peke yake. Ukoo mmoja, tabia tofauti. Kwa hiyo anayesema "damu ndiyo kila kitu" hajawahi kukaa chini ya mti.

Ukitaka kumwona kekeo wa Chanika, nenda masika, mwezi wa nne hivi, au vuli ikikolea. Huna haja ya darubini wala kiingilio. Tafuta mti wenye minana, kaa kimya, sikiliza ule mluzi unaojikwaa mwishoni. Chukua koti la mvua na viatu ambavyo huvionei huruma, ule udongo mwekundu hauna adabu. Na ukiingia jikoni kwa watu na hadithi yako tamu, kwanza angalia nani kakaa mlangoni.

Siku ya kuondoka binamu alinisindikiza mpaka stendi, kanibebea begi. Basi lilipowashwa akaniambia kwamba yule kifaranga asubuhi ameonekana akikamata kiwavi mwenyewe, kikamponyoka, akaanza kulia tena. Mama mnana akaja.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Narudi viwanja.